Samadi au Mbolea ya Dukani? Kisa cha Vitalu Viwili vya Hewani

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wao walikuwa wakisema juu ya malezi ya watoto, lakini mimi naona methali hiyo hata shambani ina kazi, maana mche nao ni mtoto. Ukilishwa vyema ungali mchanga utakupa matunda, na ukidhoofika kitaluni hata ukiuhamishia bustani ya mfalme hautakufaa. Basi swali ni hili: mtoto huyu alishwe nini? Swali hilo lilizua ubishi mkubwa nyumbani kwetu Hewani mwaka 2024, na najua nyumba nyingi za wanafunzi wenzangu zina ubishi kama huo, iwe ni Wema, Kulesa, Ngao au Garsen penyewe. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kwa wale wenzetu waliokuja shule hii kutoka mbali, Hewani ni kijiji cha Tana River, upande wa chini wa mto, si mbali na Garsen. Jina letu limetuletea mizaha mingi hapa shuleni, ati sisi tunaishi juu ya miti pamoja na ndege! Hatuishi juu ya miti. Tunaishi juu ya tope, na tope hilo ndilo lililowalisha babu zetu.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukasafiri karibu kilomita 1,000 mpaka unapoingia baharini pale Kipini. Katika safari hiyo yote huchukua udongo wa bara. Zamani maji yalikuwa yakifurika msimu wa masika na tena msimu wa vuli, yakatandaza tope jipya mashambani, kisha yakarudi zake. Wapokomo wakapanda mpunga, mahindi na ndizi juu ya tope hilo. Hakuna aliyenunua mbolea. Mbolea ililetwa na mto wenyewe, tena bila nauli.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kule juu kumejengwa mabwawa ya umeme. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 na la Kiambere mwaka 1988, mbali na mengine yaliyotangulia. Taa zinawaka mijini, na hilo ni jambo jema, lakini tope jingi hutulia humo mabwawani, na yale mafuriko ya kawaida ya kila mwaka yamepungua. Yaliyobaki ni mafuriko ya hasira. Ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 yalibomoa matuta ya mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA hapa kwetu. Yakaja mengine mwishoni mwa 2023, na kabla hatujajipangusa yakaja tena Aprili na Mei 2024.

Hayo ya 2024 ndiyo yaliyotufikisha kwenye ubishi ninaousimulia. Mahindi yetu yalioza yamesimama, migomba ikalala chini kama wagonjwa. Maji yalipopungua, watu wazima walikaa kikao chini ya mwembe. Karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa haijulikani itatoka wapi. Bibi, mzaa mama, akasema, "Nyanya ndizo zinazokuja upesi. Tusie miche, tupande, na itakayozidi tuuze." (Nyanya hizi ndizo tungule kwa watu wa Mombasa, msije mkadhani bibi alitaka kupanda mabibi wenzake!) Wote wakakubali. Mbegu za Cal J zikanunuliwa. Kufika kwenye mbolea, kikao kikagawanyika.

Mjomba alikuwa ameshapata mbolea ya dukani, NPK kiasi na CAN kiasi. Akasema, "Mama, huu ni wakati wa sayansi. Miche inataka chakula kilichopimwa. Hiyo samadi yako nani ajuaye ndani yake mna nini?"

Bibi akamjibu bila kuinua sauti. "Mwanangu, wewe mwenyewe umekula vilivyoota kwa tope na samadi mpaka ukapata nguvu za kunibishia. Hiyo chumvi yako itaichoma miche yangu."

"Si chumvi, mama, ni mbolea."

"Haya ilambe basi, tuone."

Watu wakacheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Miche ikifa, karo imekufa. Mwisho baba akatoa shauri kwamba vifanywe vitalu viwili, kila kimoja upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, mistari 20 kila kimoja. Kimoja cha bibi, kingine cha mjomba. Na mtunzaji wa vyote viwili akawa mimi, kwa kuwa nasoma somo la Kilimo. Nikajiona kama refa wa mpira ambaye timu zote mbili ni ndugu zake.

Kabla sijaanza kazi nilimwendea mwalimu wetu wa Kilimo. Aliniambia mambo matatu ambayo ningependa kila mwanachama wa chama chetu ayajue.

Kwanza, mbegu huzaliwa na masurufu yake. Ndani yake mna akiba ya chakula, na yale majani mawili ya kwanza hutumia akiba hiyo. Kwa hiyo mche mchanga kabisa hauhitaji mbolea nyingi ya aina yoyote. Unahitaji unyevu, hewa na udongo laini. Njaa huanza yanapotokea majani ya kweli, yale yenye sura ya mnyanya.

Pili, mzizi hauna ubaguzi. Mmea hunywa naitrojeni ikiwa imeyeyuka majini katika hali ya naitreti au amonia, na ikishafika hapo mzizi hauulizi kama ilitoka kwa ng'ombe au kiwandani. Tofauti ni njia. Ya dukani huyeyuka upesi, mmea unakula leo. Samadi lazima kwanza ivunjwevunjwe na vijidudu vya udongoni, na vijidudu hivyo havifanyi kazi kwa haraka ya mwenye shamba.

Tatu, ni hesabu. Mfuko wa CAN wa kilo 50 una naitrojeni kama asilimia 26, yaani kilo 13. Samadi kavu iliyo nzuri huwa na asilimia 1 hadi 2 hivi. Kwa hiyo ukitaka kilo hizo 13 kutoka zizini utabeba kati ya kilo 650 na kilo 1,300. "Nani atazibeba?" mwalimu akauliza. Nikajua jibu ni mimi, nikanyamaza.

Sasa tuingie kitaluni. Bibi alitumia samadi iliyokaa kwenye lundo tangu zamani, imekuwa nyeusi, haina harufu, ukiishika inavunjika kama keki. Akaichanganya na udongo wetu. Nanyi mnaujua udongo wetu wa hapa deltani. Ni wa mfinyanzi, mweusi, ukiwa na maji unanasa kiatu, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kalamu. Samadi iliulegeza, maji yakapata njia ya kupita. Miche ilipotoa majani ya kweli, bibi aliloweka mfuko wa samadi kwenye pipa kwa wiki mbili, kisha akayapunguza makali yale maji kwa maji mengine mpaka rangi ikafanana na chai ya mkandaa nyepesi. Hayo ndiyo niliyoyamwagia chini ya mashina, kila wiki, bila kugusa majani.

Mjomba naye hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipima kijiko kidogo cha chai cha NPK ya 17-17-17 kwa lita 5 za maji, akailoweka usiku kucha, asubuhi akachuja kwa kitambaa. Nikamwagia kitalu chake vivyo hivyo, mara moja kwa wiki.

Siku kumi za mwanzo baada ya kuota, wallahi, ungeniuliza kitalu kipi ni cha nani ningekuonyesha kwa kuhesabu vigingi tu. Vyote vilikuwa sawa, kama mwalimu alivyosema. Ilipofika wiki ya tatu mambo yakaanza. Miche ya mjomba ikawa na kijani cha kukolea, ikarefuka, ikaipita ya bibi kwa kama vidole viwili. Mjomba akawa hapiti pale bila kupiga mluzi. Upande wa bibi magugu yalikuwa mengi zaidi, maana mbegu za nyasi zilizopita tumboni mwa ng'ombe zilikuwa bado zina uhai, na mgongo wangu ndio uliolipa.

Lakini hayawi hayawi huwa. Ndugu mmoja wa mjomba, kwa kuona namna miche inavyopendeza, alikuja siku moja akanyunyiza chengachenga za CAN kavukavu kwenye mistari miwili ya mwisho ili ati ipendeze zaidi. Siku ya pili majani yalikunjamana pembeni, siku ya nne mashina yalikuwa kama njiti zilizowashwa. Tuliyoyasoma katika Biolojia juu ya osmosisi niliyaona pale kwa macho. Chumvi ikizidi nje ya mzizi, maji hutoka ndani ya mzizi yakaenda nje, na mmea hufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji. Neno la bibi juu ya chumvi halikuwa la ujinga.

Wala bibi hakusalimika. Jirani alimletea ndoo ya samadi mbichi, na sehemu yake ikaongezwa kando ya kitalu. Samadi mbichi ina amonia kali, nayo pia inaunguza. Tena huweza kubeba vijidudu vya kuwaumiza watu tumbo, ndiyo maana mboga za kuliwa mbichi hazitaki kabisa kukutana nayo. Ukingoni mle mukaingia kinyaushi, ule ugonjwa unaokata shina la mche mchanga sawasawa na ardhi kama kwa wembe. Mstari mzima ukaenda. Mjomba akataka kucheka, akaitazama ile mistari yake miwili, akaghairi.

Wiki ya tano tukahamisha. Hapa ndipo urefu ulipoulizwa maswali. Miche ya mjomba ilikuwa mirefu na laini, na jua la Garsen mnalijua. Mchana ililala chali, ikawa inataka maji asubuhi na jioni. Ya bibi ilikuwa mifupi, minene, imetoka na mizizi mingi iliyoshikilia bonge la udongo. Ikainamisha vichwa siku mbili, ya tatu ikasimama. Bibi hakupiga mluzi. Alisema tu, "Mfupi hapigwi na upepo."

Je, bibi ameshinda? Ngoja kwanza. Baada ya wiki tatu shambani, miche yake ikaanza kupauka, majani ya chini yakawa manjano. Shamba si kitalu. Kitalu cha mita 3 unaweza kukishibisha kwa ndoo chache za samadi, lakini shamba zima linataka ile hesabu ya mwalimu, kilo mia sita au elfu na zaidi, na sisi hatukuwa nazo. Mafuriko yalikuwa yamesomba hata lundo lenyewe. Jioni moja nikamsikia bibi akimwambia mjomba, "Hebu nipe kile kifuniko chako." Alikuwa anataka kifuniko cha soda cha CAN kwa kila mche, kikazungushwa mbali kidogo na shina na kufukiwa. Mjomba akampa, tena bila neno. Na msimu uliofuata mjomba mwenyewe ndiye aliyeamka mapema kutafuta samadi ya kuweka mashimoni kabla ya kupanda. Nyanya zilizaa. Tuliziuza Garsen, zikalipa nusu ya karo yangu, na nusu nyingine ikalipwa na mbuzi wawili wa baba.

Sasa nataka kusema jambo ambalo halimo katika kitabu cha Kilimo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Samadi ile inatoka wapi? Sisi Wapokomo wa Hewani si wafugaji wa ng'ombe wengi. Ng'ombe wanao majirani zetu Waorma. Bibi ana rafiki yake wa Kiorma wa miaka mingi. Yeye humpelekea ndizi na maembe, na kutoka kule hurudi na maziwa na gunia la samadi. Wala hawaandikiani risiti.

Mwaka 2012 biashara hiyo ilikatika. Sote tunajua yaliyotokea kuanzia Agosti mwaka ule hadi mwanzo wa 2013, Wapokomo na Waorma walipopigana hapa deltani kwa ajili ya malisho, maji na ardhi, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki ila kubebwa mgongoni usiku. Lakini bibi anakumbuka kwamba lundo lake la samadi liliisha, na hakuna aliyethubutu kuvuka kwenda kutafuta jingine. Anasema mbolea ya dukani inataka pesa, lakini samadi inataka jirani. Pesa zikikosekana unaweza kukopa. Jirani akikosekana utamkopa wapi? Yule rafiki yake ndiye aliyekuja kwanza baada ya vita, na hakuja na maneno mengi. Alikuja na gunia.

Kwa hiyo mimi nikisikia wenzangu bwenini wakiita samadi uchafu wa washamba, huwa nasikitika. Na nikisikia wengine wakisema mbolea ya kiwandani ni sumu tupu, siwaungi mkono pia. Tutazame dunia kidogo. Hewa tunayovuta ina naitrojeni karibu asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewani. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alipata njia ya kuigeuza kuwa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakaanzisha kiwanda cha kwanza huko Oppau. Chakula cha karibu nusu ya watu wa dunia ya leo kinategemea ugunduzi huo. Ukitaka mzaha, mbolea ya dukani nayo ni ya Hewani kama mimi!

Serikali ya Sri Lanka ilipoipiga marufuku mbolea hiyo kwa ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yalianguka vibaya, na kabla mwaka haujaisha amri ikalegezwa. Kwa upande mwingine, tuliotegemea duka peke yake tulipata somo letu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei na mfuko mmoja hapa Kenya ukapita shilingi 6,000, hadi serikali ikaingilia kati kwa ruzuku. Tena mbolea ikizidi mashambani husombwa na mvua ikaingia mtoni, na magugu ya majini ndiyo yanayonenepa badala ya nyanya.

Kule Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, ngano imekuwa ikipandwa tangu mwaka 1843 katika vipande vya ardhi vilivyo jirani, vingine kwa samadi, vingine kwa mbolea ya chumvichumvi. Mavuno yamekuwa yakikaribiana kwa miaka mingi. Ila udongo wa upande wa samadi umekuwa mweusi na hai zaidi, una mboji mara dufu na zaidi. Yaani mbolea ya dukani hulisha mmea, samadi hulisha udongo. Na udongo ndio utakaobaki tukishaondoka sisi.

Ndugu msomaji, ukinitaka ushauri, nitakupa nilioupata kwa jasho. Kitaluni anza na samadi iliyooza sawasawa, na usiiongeze nyingine mbichi hata ukiletewa bure. Subiri majani ya kweli ndipo ulishe, tena kwa maji mepesi, yawe ya pipa au ya dukani. Usinyunyize mbolea kavu karibu na shina. Kabla ya kuhamisha, punguza maji na uizoeze miche jua kidogo kidogo. Shambani tia samadi shimoni kwa kadiri uliyo nayo, na upungufu uujazie kwa kifuniko cha soda, si kwa kiganja. Panda na kunde mahali, maana mizizi yake ina vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani bila kiwanda.

Na ukipata samadi kwa jirani, usirudishe gunia tupu. Tia humo hata mkungu wa ndizi. Mto hautuletei tena tope kama zamani, na mfuko wa dukani una siku zake za kupatikana na za kukosekana. Kilichobaki mikononi mwetu ni ujirani, nao kama mche, hautaki kuungua wala kuachwa na njaa. Shime wenzangu, tukautunze.